Grupu la Mtaa Si Mtaa Mzima

Mlio majumbani, mlio madukani, na ninyi madereva mnaonisikia mkiwa kwenye foleni ya Tegeta, naomba tupeane muda kidogo.

Siku hizi mtu akifariki hapa Bagamoyo, tuseme mtaa wa Magomeni, habari inafika Muscat kabla haijafika nyumba ya tatu. Sitanii. Mtoto wa marehemu anaandika mistari miwili kwenye grupu la ukoo: baba ametutoka alfajiri hii, maziko ni leo baada ya swala ya alasiri. Dakika haijaisha, binamu aliyeko Oman ameshaandika Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun, shangazi wa Tanga ameshatuma ujumbe wa sauti, kilio kitupu, na kijana anayesoma Dodoma ameshauliza rambirambi zitumwe namba gani. Nyumba ya tatu kutoka penye msiba anakaa bibi mwenye kiswaswadu, ile simu ya vitufe isiyojua intaneti. Yeye anatambua kuna jambo pale anapoona guta linashusha viti vya plastiki na vijana wanafunga turubai. Anajitanda kanga, anasogea mlangoni, anauliza, "Jamani wanangu, kuna nini hapo?"

Hakuna aliyemficha. Kila mmoja alidhani bibi ameshaambiwa, kwa kuwa tangazo lilishatoka kwenye grupu na watu wamekwishalisoma. Bibi hayumo kwenye grupu, na hakuna aliyekumbuka kuwa hayumo.

Hilo ndilo langu la leo. Jumbe hizi za papo kwa papo zimetuunganisha na watu wa mbali kwa namna ambayo babu zetu wasingeiamini. Pamoja na neema hiyo zimetuzoesha jambo jipya: kumhesabu aliyemo kwenye grupu kuwa ndiye aliyepo, na asiyekuwemo kumpitia kando bila hata kukusudia.

Tuanze na neema, maana mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mji wetu huu umeishi kwa kusubiri habari za mbali tangu enzi za misafara. Mmisionari David Livingstone alifariki Mei 1873 huko ambako leo ni Zambia. Watu wake, wakiongozwa na Susi na Chuma, waliubeba mwili wake wakaufikisha hapa Bagamoyo Februari 1874. Miezi tisa ya kutembea kwa miguu, na habari yenyewe ya kifo ilitangulia kufika pwani kwa wiki chache tu, maana nayo ilikuwa inatembea kwa miguu vilevile. Mwaka 1890 ukalazwa waya wa simu ya maandishi chini ya bahari kutoka Unguja hadi Bagamoyo na Dar es Salaam. Mambo yakawa mepesi, lakini kwa serikali na matajiri wa biashara. Mvuvi wa Kaole hakuwa na la kufanya na waya ule, kwani ulilipiwa kwa kila neno.

Rukeni sasa hadi Julai 2009. Mkongo wa intaneti wa SEACOM unafika Dar es Salaam, mwaka unaofuata unakuja ule wa EASSy. Mwaka huohuo wa 2009, huko Marekani, Jan Koum na Brian Acton wanaanzisha WhatsApp. Kwa mara ya kwanza, mtu wa kawaida wa pwani hii akawa anaweza kuzungumza na ndugu yake wa Toronto kila siku kwa gharama ya bando la siku moja. Kwa koo zetu ambazo nusu ya watu wake wako Unguja, robo wako Uarabuni na waliobaki wametawanyika kila mahali, hilo si jambo dogo. Watoto wanaozaliwa Muscat wanamjua bibi yao wa Dunda kwa sura na kwa sauti. Wanajua akicheka anaziba mdomo.

Na kwa wengine ujumbe huo ni zaidi ya salamu. Wapo mabinti zetu waliokwenda Oman na Falme za Kiarabu kufanya kazi za ndani. Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti juu ya wafanyakazi wa ndani wa Kitanzania katika nchi hizo mbili, na wengi wao walieleza kunyang'anywa pasi za kusafiria, kufanyishwa kazi kutwa kucha na kubanwa wasiwasiliane na watu. Binti aliye katika hali hiyo, ujumbe wa sauti wa sekunde kumi na mbili aliourekodi jikoni kwa kunong'ona ndio ushahidi alionao kwamba yu hai. Mama yake huku Zinga akiona tiki mbili zimegeuka bluu, analala. Akiona tiki moja siku tatu mfululizo, halali.

Sasa twendeni ufukweni. Soko letu la samaki mnalijua. Mashua zinaingia, samaki wanashushwa, dalali anapaza sauti, na mnada unaanza. Uzuri wa mnada ni kwamba kila mtu anausikia. Tajiri mwenye hoteli na mama mwenye mtaji wa elfu thelathini wamesimama kwenye mchanga uleule, na bei ikitajwa imetajwa kwa wote. Siku hizi kabla mashua haijagusa mchanga, picha imeshakwenda: nguru watatu wamelazwa kwenye ubao wa mashua, pembeni yao kimewekwa kiatu cha kandambili ili ukubwa uonekane, na maneno chini yake, "Nani anawahi?" Mtu wa Mbezi Beach anajibu, pesa inatumwa kwa simu, bodaboda anafunga boksi la barafu, biashara imekwisha. Nahodha amepata bei nzuri, mnunuzi amepata samaki mbichi, na mimi sina neno na hao. Ninayemfikiria ni yule mama wa samaki wa kukaanga. Anafika na beseni lake anakuta wamebaki vibua. Bei iliyotajwa kwenye simu ya mtu mwingine hakuisikia, hivyo hata kubishana hawezi.

Kidogo tu kusini, Mlingotini, kina mama wa mwani wao simu imewakalia vizuri zaidi. Kazi ya mwani inafuata bamvua. Maji yanapokupwa sana, saa nne saa tano asubuhi, ndipo unaposhuka shambani kufunga mbegu kwenye kamba. Ukichelewa, maji yamejaa, umepoteza siku. Ujumbe mmoja wa jioni, kesho tunashuka saa fulani, unawakusanya wote. Na mkulima wa Mlingotini anaweza kumuuliza mwenzake wa Pemba mwani umenunuliwa kwa shilingi ngapi huko kwao kabla hajakubali bei ya mnunuzi. Lakini sikilizeni wanavyofanya. Wale wenye simu janja si wote, kwa hiyo anayepokea ujumbe anampitia jirani yake. Tangazo linaanzia kwenye simu na kumalizikia mlangoni. Shikeni hilo, nitalirudia.

Hebu tuhesabu kidogo. Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilipofunga hesabu za mwaka 2024, laini za simu zilizosajiliwa nchini zilikuwa zimezidi milioni 80. Sensa ya 2022 ilituhesabu watu 61,741,120. Ukitazama juujuu utasema kila Mtanzania ana simu na chenji inabaki. Lakini wenye laini mbili tatu ni wengi, na simu janja kwa hesabu hizohizo zilikuwa kama theluthi moja tu ya idadi ya watu. Theluthi moja. Kwa maneno mengine, kiongozi wa mtaa anayetangaza mkutano kwenye WhatsApp peke yake ametangaza kwa sehemu tu ya wananchi wake. Tena katika hao wenye simu janja, wapo ambao bando limekwisha tangu juzi. Wapo wanaochangia simu moja nyumba nzima. Yupo mke ambaye kwenye grupu la mtaa anawakilishwa na namba ya mume, na habari anapata pale mume anapokumbuka kumwambia.

Halafu kuna jambo la sauti na maandishi, na hapa naomba mtege masikio, kwa sababu hapa ndipo simu inapoamua nani aingie na nani abaki nje.

Kuandika kunamtaka mtu ajue kusoma. Ujumbe wa sauti ulipokuja kwenye WhatsApp mwaka 2013 uliwafungulia mlango watu wengi sana. Mzee asiyejua herufi akabonyeza, akaongea, akaachia. Mlinzi wa Kimaasai anayekesha kwenye geti la mtu huko Mbweni akawa anapiga soga na mdogo wake aliyeko machungani upande wa Lugoba kwa Kimaasai chao, lugha ambayo shule haikuwafundisha kuiandika. Kadhalika Wazigua, Wakwere na Wadoe. Lugha zilizokuwa hazina nafasi kwenye karatasi zimepata nafasi kwenye simu. Na sisi watu wa pwani tulivyo na maneno, mnajua wenyewe. Mtu anaulizwa kama atakuja kesho, anarekodi dakika nne: salamu, afya, mvua, bei ya mchele, na mwisho kabisa, "Basi shoga yangu, kesho sitaweza."

Lakini sauti hiyohiyo imemfungia mlango mwingine. Kiziwi anaona mshale wa kuchezea sauti, basi. Yeye neema yake ilikuja mwaka 2016, WhatsApp ilipoleta simu ya video, maana Lugha ya Alama ya Tanzania inataka mikono na uso vionekane. Akawa anaweza kuzungumza na kiziwi mwenzake aliyeko Pangani kama wako kibarazani, ilimradi bando liruhusu, na video inavyolamba bando hamhitaji kuambiwa. Asiyeona naye ana mambo yake. Simu janja inaweza kumsomea maandishi kwa sauti, akafuata mazungumzo vizuri kabisa. Ila tangazo likija kama picha ya bango lenye maua na herufi za rangi, kama yanavyokuja matangazo ya harusi na semina, mara nyingi simu inakaa kimya.

Kwa hiyo grupu la watu mia likihamia kwenye sauti tupu, kiziwi ametoka bila kuaga. Likihamia kwenye mabango ya picha, asiyeona ametoka. Likibaki maandishi matupu, asiyejua kusoma yumo kwa jina. Na admini akitazama idadi, anaona bado ni mia.

Niguse michango, maana bila michango hakuna grupu. Mnaijua ile orodha. Kichwa chake kina jina la bwana harusi au la mgonjwa, chini yake namba, jina, kiasi, na tiki kwa aliyekwishatoa. Moja, mama fulani, elfu hamsini, tiki. Mbili, baba fulani, laki moja, ahadi. Kila anayechangia anainakili orodha, anajiongeza, anairudisha, na wakati mwingine watu wawili wanairudisha kwa mpigo mmoja, jina la mtu linapotea, na hapo ndipo maneno yanapoanza. Orodha hii imefanya kazi kubwa. Imelipa hospitali, imesafirisha maiti, imewaoza vijana wasio na wazazi. Sikatai. Ninachosema ni kwamba zamani mchango wa mnyonge ulikuwa na sitara. Aliyekuwa hana pesa alikuja na kuni, au alikuja na mikono yake akakesha anakuna nazi na kumenya vitunguu, na shughuli ikamhesabu. Orodha ya kwenye simu haina mstari wa kukuna nazi. Inajua shilingi tu. Na ahadi isiyo na tiki inakaa pale, watu mia na hamsini wanaitazama, wiki ya kwanza, wiki ya pili, mpaka mwenyewe anaona bora atoke. Akitoka, simu inawatangazia maadmini: fulani ametoka. "Kaleft," watu wanasema. Mtaani mtu anayetaka kupunguza mguu anapunguza polepole, hakuna anayempigia mbiu. Kwenye grupu, kuondoka kwako ni taarifa kwa maadmini.

Na tukifika kwenye kusemana, wasikilizaji, hapo pwani yetu ina historia. Mwanamke aliyekorofishwa na jirani alikwenda dukani akachagua kanga yenye maneno yanayomhusu mwenzake, akaivaa, akapita mlangoni pake taratibu, mara moja, mara mbili. Akiulizwa: "Kwani nimesema nini mie? Si nimevaa kanga yangu." Tangu mwaka 2017, WhatsApp ilipoleta stetasi inayokaa saa 24, kazi hiyo imehamia kwenye simu. Fumbo linaandikwa, linawekwa wimbo wa taarabu nyuma yake, na mwenyewe akiulizwa jibu ni lilelile, "Kwani nimemtaja mtu?"

Ila kuna tofauti mbili kubwa. Ya kwanza, kanga haikukuletea orodha ya waliokutazama. Stetasi inakuletea. Sasa ugomvi unaongezeka ngazi: "Ameona saa mbili asubuhi na hajasema kitu, basi ujue limemgusa." Ya pili, kanga ilipita mtaa mmoja, ikaonekana na watu wanaoujua ugomvi wenyewe. Stetasi inawafikia wakwe, bosi wa kazini, mwalimu wa mtoto na fundi cherehani, na kila mmoja anajiuliza kama ni yeye aliyepigwa kijembe. Fumbo moja linachoma watu kumi. Na lililo zito kuliko yote: wale wazee waliokuwa wanawaita wagombanao barazani, wakawasikiliza, wakawapatanisha, wengi wao hawana habari kwamba kuna ugomvi. Matusi yamerushwa, yamejibiwa, yamefutika yenyewe baada ya saa 24, na wao wamekaa nje wanacheza bao. Msuluhishi hayumo kwenye grupu.

Nije kwenye kusambaza habari. Mwanzoni mwa Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilikuja upande wetu. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitoa tahadhari mapema, boti za abiria kati ya Dar es Salaam na Unguja zikasimamishwa, na simu zilifanya kazi ya kupigiwa mfano kupeleka onyo kwa wavuvi. Hapo ujumbe wa papo kwa papo uliokoa. Lakini tazameni kasoro moja ndogo ambayo tunaifanya kila siku. Mtu anarekodi sauti: "Ndugu zangu, kesho msitoke, bahari imechafuka." Sauti hiyo ikishapita kwenye magrupu matano, hakuna anayejua ilirekodiwa lini. Inamfikia mvuvi wa Saadani siku ya tatu, bado inasema kesho. Siku ya nne bahari ni shwari, mtu amekaa nyumbani, watoto hawajala. Au kibaya zaidi, ameshazoea kesho za uongo, na ile ya kweli ikija anaidharau. WhatsApp wenyewe waliona hatari ya kusambaza ovyo: mwaka 2019 wakaweka kikomo cha kusambaza kwa watu au magrupu matano kwa mara moja, na mwaka 2020 ujumbe uliokwishazunguka sana ukaruhusiwa kwenda sehemu moja moja. Lakini hakuna kampuni itakayoturekodia tarehe. Ukituma onyo, taja siku, taja tarehe, taja nani amesema. Sekunde tano tu.

Na kwa kuwa tuko hapo, ule ujumbe wa matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii" bado unatembea, na unawanasa zaidi wale waliojiunga na simu juzi, wazee wetu wanaoamini kwamba kilichoandikwa kimeandikwa na mtu wa heshima. Ukiupata, namba ya mtumaji ipeleke kwenye 15040, usiifute kimyakimya. Na piga *106# uangalie ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Mwonyeshe na mama yako.

Sasa, mwenzangu unaweza kusema: wakati ukifika kila mtu atakuwa na simu janja, tatizo limekwisha. Mimi nakujibu kwa yaliyotokea. Tarehe 4 Oktoba 2021 WhatsApp ilizima dunia nzima kwa saa kama sita. Tarehe 12 Mei 2024, wiki moja baada ya Hidaya, mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika baharini kusini kwetu, intaneti ya Tanzania ikazorota vibaya, na wenye simu za milioni mbili wakawa wanazitazama kama vioo. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima na ikachukua siku kadhaa kurudi. Siku zile sote tulikuwa wenye viswaswadu. Waliokuwa na namba za majirani walipiga simu za kawaida. Waliokuwa wanajuana kwa majina ya kwenye grupu tu, ukiwauliza fulani anakaa nyumba ipi, hawakujua. Mtaa ambao habari zake zote zimewekwa sehemu moja, sehemu hiyo ikifungwa mtaa umefungwa.

Ndiyo maana nawarudisha kwa kina mama wa Mlingotini. Wao hawakuitupa simu, na hawakumtupa asiye na simu. Wamegawana kazi: anayepata ujumbe anampitia asiyepata. Hakuna semina iliyowafundisha. Bahari ndiyo iliyowalazimisha, kwa sababu mwani hauvunwi na mtu mmoja na maji hayamsubiri aliyechelewa kuambiwa. Sisi wengine hatuna bamvua ya kutulazimisha, kwa hiyo hatuna budi kujilazimisha wenyewe.

Ninaloomba ni hili, na nawaomba hasa ninyi maadmini, wenyeviti wa mitaa, makatibu wa misikiti na makanisa, na viongozi wa vikoba. Kila grupu lina orodha ya waliomo, simu inawatengenezea. Tengenezeni ninyi orodha ya pili, ya wasiokuwemo. Nyumba kwa nyumba. Nani hana simu janja, nani kiziwi, nani haoni, nani hasomi, nani bando linamshinda. Kisha kila jina lililo kwenye orodha hiyo lipewe mtu wake, jirani wa karibu, mwenye jukumu la kugonga hodi tangazo likitoka. Na kwenye michango, wekeni mstari wa wanaokuja na mikono yao. Andikeni: fulani, atapika. Fulani, atachota maji. Na watilieni tiki kama wengine.

Kazi hiyo haihitaji fedha wala kibali cha mtu. Inahitaji jioni moja na daftari. Wewe unayenisikiliza, ukizima redio, fungua grupu la mtaa wako, pitia majina yaliyomo, halafu toka nje utazame nyumba zinazokuzunguka. Zile usizoziona kwenye simu, anza nazo leo.